Shogi la Pikipiki

Ndugu Wanachama,

Wengi wetu siku hizi twapeleka karafuu kituoni kwa pikipiki, gunia limefungwa juu nyuma kwa mpira. Tukipanda mlima, gurudumu la mbele huwa jepesi, usukani haushiki, na mtu huanguka pamoja na mavuno yake.

Wazee wetu wakimpakia punda kwa shogi, uzito sawa pande mbili. Nasi tufanye vivyo hivyo: kila ubavu utiwe chuma cha kubebea mzigo, kifungwe kwa bolti kwenye fremu, si kwenye madigadi. Upande wa ekzosi pawe na bati la kuzuia moto. Baada ya safari ya kwanza, nati zikazwe tena.

Karafuu zikimwagika zitaokotwa; mguu ukivunjika, msimu umepita.

Wasalaam,
Katibu