Gia ya Kushukia

Siku ya gulio la Lukozi, jua linapoanza kuinamia magharibi na ukungu ukirejea kutoka msitu wa Magamba kama mgeni aliyesahau bakora yake, utaona malori yamepangana kando ya uwanja wa soko, milango ya nyuma imeachwa wazi, na wachukuzi wakipanda na kushuka juu ya ubao mwembamba, huyu na gunia la viazi mgongoni, yule na tenga la nyanya kichwani, na wa tatu, ambaye kazi yake yataka usanifu kuliko nguvu, amesimama ndani ya bodi akipanga kabichi moja baada ya moja kama mwashi ajengaye ukuta wa mawe. Mwenye mali husimama kando, simu mkononi, kwa kuwa dalali wa Dar es Salaam amekwisha kumwarifu bei ya jana, na bei ya kesho hakuna aijuaye ila Mola. Shehena hiyo sharti iwe katika soko la Mabibo au la Ilala kabla ya alfajiri, maana nyanya haikuumbwa na subira.

Mtu asiyeijua kazi hii angedhani kwamba hatari ya safari hiyo, ambayo ni zaidi ya kilomita 350, imejilaza huko mbali, katika barabara kuu ya Segera na Chalinze, ambako mabasi na malori hupishana usiku kucha taa zikiwa zimekodoleana. Huko iko, sikatai. Walakini dereva wa Usambara akiulizwa ni wapi mikono yake hukaza juu ya usukani, aghalabu hukutajia zile kilomita 33 za kutoka Lushoto hadi Mombo, ambamo barabara nyembamba, jabali likiwa upande mmoja na korongo upande wa pili, huporomoka takriban mita 1,000 kwa jumla, ikiupitia mji mdogo wa Soni na maporomoko yake ya maji, kabla ya kumtua msafiri katika joto la tambarare.

Mteremko huu umewahangaisha watu tangu zamani. Wadachi walipoufanya mji wa Lushoto makao yao ya baridi na kuuita Wilhelmstal, na reli yao iliyoanzia Tanga mwaka 1893 ikafika Mombo mwaka 1905, waliona kwamba kupandisha watu mlimani si taabu kubwa kama kushusha vitu vizito. Ndipo kwa mbao za Shume wakatundika njia ya kamba za chuma, magogo yakawa yanaelea angani mpaka Mkumbara kwenye reli. Leo kamba hizo hazipo, na kila kitokacho mlimani, viazi, karoti, mapeasi, mbao za misindano, hushuka kwa tairi na kwa busara ya mtu mmoja aliyekaa nyuma ya kioo.

Nami nasema busara kwa makusudi, kwa sababu mwanafunzi wa udereva hudhani kwamba mtihani wa mlima ni kupanda. Akipanda, injini hunguruma, moshi hutoka, rejeta huchemka, na kila mtu barabarani hushuhudia jinsi lori linavyojikakamua. Likishindwa, husimama, na utingo huruka chini na gogo lake akaliweka nyuma ya gurudumu. Kushuka hakuna kelele. Lori huenda lenyewe, tena kwa furaha, na furaha hiyo ndiyo ya kuogopwa. Chukua lori lenye uzito wa tani 10 pamoja na mzigo wake: likishuka mita 1,000 linatoa nguvu ambayo, lau ingegeuzwa yote kuwa moto, ingetosha kuchemsha lita 290 hivi za maji ya baridi, yaani pipa zima la mafuta na karibu nusu ya jingine. Nguvu hiyo haina budi iende mahali. Dereva mwenye maarifa huipeleka kwenye injini; asiye na maarifa huipeleka yote kwenye breki.

Na breki, kwa jinsi ilivyoundwa katika malori yetu mengi, ni viatu vya chuma vilivyovikwa utando mgumu, ambavyo hutanuka na kubana ndani ya dramu la gurudumu mpaka mwendo ugeuke joto. Zikibanwa kidogo kisha zikaachiwa, upepo huzipoza. Zikibanwa kona hata kona bila kupumzishwa, dramu hupanuka na kuvikimbia viatu, utando hupoteza ukali wake, harufu ya kuungua hupanda hadi kwenye kiti, na dereva hukanyaga kwa nguvu zaidi akapata kidogo zaidi. Katika gari la breki za mafuta, mafuta yenyewe huweza kuchemka ndani ya mirija, yakafanya mapovu, na pedali ikazama hadi sakafuni kama mguu uliokanyaga tope. Katika gari la breki za upepo, mwenye mazoea ya kukanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia, humaliza upepo wa mtungi upesi kuliko pampu iwezavyo kuujaza.

Ndiyo maana wazee wa kazi hii waliwafundisha vijana wao kwamba mlima ushukwe kwa gia ile ile ambayo ungepandwa nayo. Kanuni hiyo ilikuwa ya zama za malori manyonge. Lori la siku hizi, ambalo injini yake hupanda na gia kubwa bila kuona haya, yafaa lishuke na gia ndogo kuliko ile liliyopandia. Lakini kiini chake hakijachuja, nacho ni kwamba gia huchaguliwa juu, kabla gari halijainamisha pua. Anayengoja mpaka mwendo umzidi ndipo atafute gia ndogo, gia hiyo yaweza kumkatalia, na ile aliyoiacha isimpokee tena, akabaki nyutro, kama wasemavyo wenyewe, katikati ya mteremko, ameachana na injini na hana tegemeo isipokuwa zile breki ambazo amekwisha kuzichosha. Wapo pia wanaoingia nyutro kwa hiari yao ili wabakize dizeli kidogo ya kuuza. Hao sina la kuwaambia.

Nilipata kupanda lori moja kutoka Lushoto jioni ya manyunyu, nikamwona dereva, mtu mzima wa makamo, akisimamisha gari pahali pa wazi karibu na Soni bila sababu niliyoweza kuiona. Hakufungua boneti. Alishuka, akazunguka gurudumu moja baada ya moja, akikaribisha mgongo wa kiganja kwenye dramu pasipo kuligusa, kama mama apimaye homa ya mtoto aliyelala, na kwenye gurudumu la nyuma la kushoto akakawia. Kisha alimwita utingo, kijana wa miaka ishirini hivi, akamwambia naye aweke mkono wake pale. Kijana aliweka, akamtazama mkubwa wake, akasema, “Hili lina moto kuliko wenziwe, mzee.” Hawakuongeza neno. Tulikaa pale muda wa kunywa vikombe viwili vya chai, na huku magari mawili yakitupita kwa honi za dharau.

Wahenga wamesema ajali haina kinga, nami sioni haya kusema kwamba methali hii imetuponza kuliko ilivyotufaa. Lori likipinduka, habari huandikwa kwa maneno machache ambayo sasa yamekuwa kama muhuri: mwendo kasi, uzembe wa dereva, breki zilifeli. Sawa, lakini breki hizo zilianza kufeli saa ngapi? Mimi nadhani nyingine huanza kufeli uwanjani Lukozi, alasiri, wakati gunia linaposhonewa ile kofia juu ya mdomo wake na kuitwa lumbesa. Tumezoea kuilaani lumbesa kwa kuwa yamdhulumu mkulima, ambaye huuza gunia moja na kutoa moja na robo, na serikali imeipiga marufuku kwa sababu hiyo na kuagiza gunia lisizidi kilo 100. Dhuluma yake ya pili haitajwi sana. Dereva huhesabu magunia, hayapimi. Tuseme amepakia 80, moyoni mwake ana tani 8, kumbe kila gunia lina kilo 130 na nyuma yake kuna tani 10 na ziada, naye atachagua gia ya kushukia kwa hesabu ya uongo. Mizani ya serikali iko chini, katika barabara kuu. Mlimani hakuna apimaye ila dereva mwenyewe, kwa nyonga na kwa sikio.

Tena yupo tajiri wa gari anayelipa kwa safari wala si kwa siku, na yupo mwenye nyanya anayepiga simu kila baada ya nusu saa kuuliza mmefika wapi. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeyawekea magari makubwa kikomo cha kilomita 80 kwa saa, kikomo ambacho mlimani ni mzaha, maana anayeishuka Soni kwa mwendo huo haihitaji kona ya pili. Lakini sina habari ya sheria iliyomwekea kikomo mpiga simu.

Likisha kufika Mombo salama lori huingia katika hatari nyingine iliyo kimya kuliko ile ya kwanza. Dereva aliyeamka alfajiri kutafuta mzigo, akasimamia upakiaji mchana kutwa, akaushuka mlima kwa roho mkononi, sasa ameikuta lami iliyonyooka, injini inaimba sauti moja, na kati ya saa nane na saa kumi na moja za usiku, wakati ambao mwili wa mwanadamu huwa umejiandalia usingizi hata kama mwenyewe hakuukubali, yuko mahali fulani baina ya Segera na Chalinze. Usingizi wa barabarani haubishi hodi. Huja kwa vipande vya nukta mbili tatu, macho yakiwa nusu wazi, na katika nukta tatu lori la kilomita 80 kwa saa hukimbia zaidi ya mita 60 bila mwenyewe. Akikumbuka kibao cha Korogwe lakini hakumbuki kijiji alichokipita punde hivi, ajue kwamba amekwisha kulala mara moja. Wengine hutafuna mirungi, ambayo katika nchi yetu ni haramu kwa sheria. Nayo kazi yake ni kumficha mdai mlangoni, wala deni la usingizi hailipi.

Wengi wa madereva wa milima hii hawaishii Dar es Salaam. Mwenye kuizoea Soni huajirika upesi, naye akipewa lori kubwa huenda Tunduma, zaidi ya kilomita 900 kutoka bandarini, akavuka Zambia hata Kongo, akaikuta Kitonga ya Iringa akaisalimu kama ndugu mkubwa wa mlima wa kwao. Njia hiyo ina historia yake. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao wenyewe na Zambia ikakatiwa mafuta ya petroli, malori yalianza kuyabeba mapipa kutoka Dar es Salaam kwa barabara ya udongo, tope wakati wa masika na vumbi wakati wa kiangazi, na njia ikapata jina la Kiingereza lenye maana ya mbio za jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilipoanza kazi mwaka 1968, na reli ya TAZARA ilipomalizika mwaka 1975, shida ilipungua. Lakini kazi ya masafa marefu ilikuwa imekwisha kupata watu wake, na pamoja na watu, desturi zake.

Katika desturi hizo moja naipenda kuliko zote. Lori likiharibika kwenye kona, kabla hata ya kutafuta spana, utingo hukata matawi mabichi na kuyatandaza barabarani kwa mafungu, la kwanza mbali kabisa, la mwisho karibu na gari, na kila ajaye, awe anajua kusoma au hajui, huelewa kwamba mbele kuna jambo. Pembetatu ya kuakisi mwanga ni bora zaidi usiku, na sheria yaitaka. Lakini pembetatu huibwa, matawi hayaibwi. Aibu ni ya wale watengenezao gari kisha wakaondoka na kuyaacha matawi au, vibaya zaidi, mawe waliyozuilia magurudumu, yakangoja bodaboda wa saa tatu usiku.

Na kwa sisi tusioendesha liko la kusikia. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakalikimbilia na madumu ili wachote petroli iliyokuwa ikimwagika, moto ukawaka, na waliofariki walipita 100. Miaka kumi nyuma, Januari 2009, msiba kama huo ulikuwa umetokea Sachangwan nchini Kenya. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini kwa chini, hauonekani, na cheche yoyote yaweza kuuwasha, hata ikiwa hatua nyingi kutoka kwenye tangi.

Lori letu la jioni ile ya manyunyu lilifika Mombo gurudumu la kushoto likiwa limepoa. Dereva aliliegesha kwenye mwanga wa kibanda cha chai, akazima injini, akamwambia utingo amwamshe baada ya saa moja, akavua viatu na kujinyoosha kitandani nyuma ya kiti, pazia likashushwa. Mwenye nyanya, aliyekuwa amekuja nasi, alishuka. Alizunguka lori mara ya kwanza, akanusa matenga, akazunguka mara ya pili, akatazama saa yake, akamtazama utingo, ambaye alikuwa ameketi juu ya lile gogo lake mlangoni pa gari akipuliza chai, wala hakuinuka.