Pwagu Alikuwa Mfupi

Betri za redio yetu zilikuwa zinaanikwa. Kila Jumamosi asubuhi mama alizipanga juu ya bati la banda la kuku, na kazi yangu ilikuwa kuzigeuza jua lilipohama. Betri iliyochoka ikipigwa na jua hupata uhai wa saa moja, pengine mbili, na saa hizo tulikuwa tumekwisha kuzigawa. Taarifa ya habari ilikuwa ya baba. Salamu zilikuwa za mama. Pwagu na Pwaguzi walikuwa wa kila mtu.

Tulikaa kota za reli, Mpanda. Baba alikuwa kwenye genge la kutengeneza njia. Reli yenyewe, kilomita 210 kutoka Kaliua, Waingereza waliimaliza mwaka 1950 ili kusomba madini ya risasi ya mgodi wa Uruwira. Mgodi ukafungwa, reli ikabaki, na pamoja nayo wakabaki watu ambao reli iliwazoa kila upande. Kwenye mstari wetu wa nyumba walikuwamo Wanyamwezi, Waha, Wakonongo, Wabende na Wafipa kama mama yangu. Mwishoni kabisa alikaa mzee mmoja Mzaramo, ambaye watani zake Wanyamwezi hawakumwacha apumue. Kila nyumba ilikuwa na lugha yake ya kugombania. Kiswahili kilikuwa cha kisimani, cha kazini na cha ofisi ya stesheni. Kilitosha kununua chumvi, ila hakikutosha kuchekea.

Kuchekea Kiswahili kulituingia kwa redio. Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na zaidi, na bado naamini hakuna mtihani wa lugha unaoushinda mzaha. Mtu anaweza kuelewa amri, akaelewa bei, akaelewa hata hotuba ndefu. Mzaha ukimfikia akacheka wakati mmoja na wenyeji, bila kumwangalia mwenzake kwanza, basi lugha imekuwa yake.

Redio ilikuwa National, zile zilizounganishwa na kiwanda cha Matsushita cha Dar es Salaam. Baba alifunga waya kutoka nyuma yake hadi kwenye mwembe, na upepo ukitikisa tawi sauti iliondoka ikarudi. Kituo kilikuwa kimoja: Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Kilianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, mwaka 1956 kikawa shirika lililojengwa kwa kufuata mfano wa BBC ya London, na mwaka 1965 serikali ikakichukua. Mkoloni alituachia studio na vipaza sauti, pamoja na taratibu za kugawa saa za siku. Vichekesho tulijaza wenyewe.

Jina la mchezo wa Pwagu na Pwaguzi lilitoka kwenye methali: pwagu hupata pwaguzi. Pwagu ni mwizi, pwaguzi ni mwizi aliyemzidi. Waigizaji Rajabu Hatia na Ali Keto waliwachukua wajanja hao wawili wakawapa sauti, na sauti hizo zikawa watu. Wiki hii wana njama, njama inawageukia, wanalaumiana, kipindi kinakwisha. Wiki ijayo wamesahau yote, wana njama nyingine. Huo ndio uti wa mgongo wa vichekesho vya mfululizo popote duniani. Wahusika ni wale wale na makazi ni yale yale, ila taabu ni mpya kila mara, na hakuna anayejifunza kitu. Pwagu angejifunza, mchezo ungekufa siku hiyo hiyo.

Kiswahili chao kilikuwa cha Pwani na cha mitaa ya Dar es Salaam, nasi tulikuwa bara ya mbali, siku kadhaa kwa treni. Kwa hiyo Mzee wetu Mzaramo aliitwa. Alikuja na kigoda chake, akakaa jirani na redio, na kila kicheko kilipompata peke yake mama alimwuliza, “Shemeji, amesemaje?” Nakumbuka siku redio iliposema mtu fulani ameingia mitini. Mama alidhani jamaa amekimbilia porini, na kwetu pori linaanzia nyuma ya choo. Mzee akamweleza kwamba mtu huyo ametoweka tu, amekwepa, huenda yuko mjini hapo hapo. Mama alicheka dakika nzima baadaye, peke yake, akiwa jikoni. Kesho yake alipomkosa mdaiwa wake wa mkaa aliwaambia majirani ameingia mitini. Hivyo ndivyo nahau ilivyosafiri kutoka Dar es Salaam hadi kota za reli za Mpanda, na nauli yake ilikuwa betri nne zilizoanikwa.

Miaka iliyofuata nilikwenda chuo cha ualimu. Alikuwapo mwalimu wa kujitolea kutoka Uingereza aliyekuja na sanduku la kanda. Jioni moja alitusikilizisha mchezo wa redio wa kwao uitwao Hancock's Half Hour, uliorushwa na BBC kati ya 1954 na 1959. Kiingereza changu kilikuwa kizuri, nilielewa karibu kila neno. Nilikaa nimekunja mikono, yeye akifuta machozi kwa kucheka. Nilimwonea huruma kwa kucheka peke yake, na ghafla nikamwelewa mama yangu na kile kigoda cha Mzee.

Basi nikamfanya mwalimu huyo awe Mzaramo wangu. Akaniambia kwamba Tony Hancock aliigiza mtu anayejiona mkubwa huku maisha yakimbana, anayekaa kwenye nyumba chakavu ya 23, Railway Cuttings. Anwani hiyo ilikuwa ya kubuni, lakini maana yake ilinipendeza: ni mahali palipochimbwa ili reli ipite. Huyo alikuwa mtu wa kota za reli! Akaniambia pia kwamba waandishi wake, Ray Galton na Alan Simpson, walikutana wakiwa vijana wagonjwa wa kifua kikuu, wamelazwa kwenye hospitali moja, na mizaha yao ya kwanza waliiandikia redio ya wagonjwa wenzao.

Kipande kimoja alikirudia mara tatu. Ni cha mwaka 1958, na humo hakuna kinachotokea. Ni Jumapili mchana, mvua inanyesha, watu wamefungiwa ndani, wanapiga miayo, wanatazama saa. Vipo vituo vya kimya kabisa. Mara ya kwanza nilidhani kanda imekatika. Kwetu redio ikinyamaza baba aliipiga kofi ubavuni, kwani kimya kilikuwa dalili ya betri kufa. Waandishi hawa walithubutu kuweka kimya ndani ya kichekesho, wakimwachia msikilizaji kuona chumba, dirisha na uso wa mtu aliyechoka. Nilikuja kucheka miezi kadhaa baadaye, nyumbani Mpanda, masika yalipokata njia na treni haikuja. Ilikuwa Jumapili. Baba alitoka mlangoni, akatazama reli, akarudi, akakaa, akasema, “Haya.” Baada ya muda mrefu akasema tena, “Haya.” Nikaangua kicheko, na hakuna aliyejua kwa nini.

Mchezo wa redio unafanya kazi kwa kunyimwa. Mwigizaji wa jukwaani ana uso, ana mwendo, anaweza kuanguka watu wakacheka. Wa redioni ana koo tu. Lazima sauti mbili zipishane kiasi kwamba mtu anayekoroga ugali, amegeuza mgongo, ajue nani anasema. Lazima majina yatajwe bila kuonekana yanatajwa kwa makusudi. Kikombe kisikike kikiwekwa, kiatu kisikike kikija, mlango ulie. Waingereza walilifikisha hili mbali sana. Vifuu vya nazi viwili vikigonganishwa vilikuwa farasi, na mwaka 1958 BBC ilifungua karakana nzima ya kutengeneza sauti. Mojawapo ya kazi zake ilikuwa tumbo la meja mmoja wa kwenye The Goon Show, tumbo linalonguruma kama mitambo mibovu. Nimewahi kuisikia. Mtoto wa Mpanda na mtoto wa London watacheka pamoja hapo, kwa sababu tumbo halina kabila.

Nilipoanza kazi nilipangiwa Katumba. Hapo walikuwa wamepewa ardhi Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, kama ilivyofanyika baadaye kule Mishamo mwaka 1978. Wanafunzi wangu walizaliwa kwenye makazi hayo, lakini nyumbani walisema Kirundi, na katika Kirundi l na r hazina mipaka. Wengi waliogopa kufungua mdomo. Niliacha kitabu pembeni. Niliwaambia wasikilize mchezo wa redio usiku, kwa jirani ikibidi, na asubuhi wawili wawili waje kuuigiza mbele ya darasa.

Alikuwapo kijana mmoja, mrefu, mkimya, ambaye kwa muhula mzima nilimsikia akisema “nipo” na “sijui” tu. Siku hiyo alisimama, akabana pua, akawa Pwaguzi. L zote zilikuwa r. Darasa lilicheka, nami moyo ulinidunda nikihofu wanamcheka yeye. Hapana. Yeye mwenyewe alisubiri kicheko kipungue, kisha akatupa neno la pili, akasubiri tena. Hakuna mwalimu aliyemfundisha kusubiri. Alikuwa ameisikia redioni kazi ya kimya. Mwaka 2014, Warundi wa makazi yale walipokuwa wanapewa vyeti vya uraia wa Tanzania, mtu mzima mwenye mvi alinisimamisha karibu na soko la Mpanda. “Shikamoo Mwalimu. Pwaguzi nipo.” Nilishika mkono wake nikashindwa kuuachia.

Mwaka 1993 RTD ilileta mchezo wa aina nyingine, Twende na Wakati. Haukuwa wa kuchekesha hasa, ingawa vicheko vilikuwamo. Mkwaju alikuwa dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, na mkewe alikuwa Tunu, aliyevumilia mpaka akakataa kuvumilia. Nyuma yake palikuwa na mafunzo ya uzazi wa mpango na ya kujikinga na Ukimwi. Mbinu hiyo haikuwa ngeni. Waingereza walianza The Archers mwaka 1951 ili wakulima wapate maarifa huku wakifuatilia maisha ya kijiji, na mchezo huo ungali hewani. Huku kwetu watafiti walifanya jambo ambalo bado linanishangaza: kwa miaka miwili, 1993 hadi 1995, mitambo ya Dodoma haikurusha mchezo huo, ili walinganishe watu walioufuata na wale ambao haukuwafikia. Mpanda hatukuhitaji ulinganisho. Mwanamume akionekana kwenye nyumba isiyo yake, watoto walimwita Mkwaju barabarani, mchana kweupe, na hakujua ageukie wapi.

Jambo linaloniuma ni kwamba sauti za michezo ile ya zamani hatunazo mikononi. BBC yenyewe ilifuta kanda nyingi ili zitumike upya, na baadhi ya vipindi vya Hancock havijapatikana mpaka leo. Mimi nilikuwa na kanda nne za Pwagu na Pwaguzi, nilizorekodi kwa kuweka rekoda mbele ya redio, kuku wakisikika nyuma. Mtu niliyemwamini aliziazima. Zilirudi zimejaa nyimbo. Nilizisikiliza zote mpaka mwisho nikitumaini kipande kimebaki, na mwishoni mwa ya tatu palikuwa na sekunde chache za yule jogoo wetu.

Ndiyo maana nikisikia kijana wa redio ya hapa mjini akiigiza sauti mbili peke yake kati ya tangazo na wimbo, nanyamazisha nyumba nzima. Vichekesho vya kwenye simu ninavitazama, vipo vizuri, lakini humo kila kitu unaonyeshwa. Mjukuu wangu ana miaka tisa. Mwezi uliopita umeme ulikatika, tukakaa barazani, nikamsimulia Pwagu na Pwaguzi kwa sauti zao, kadiri koo langu lilivyoweza. Alicheka palepale panapotakiwa. Halafu akauliza, “Bibi, walikuwa wanafananaje?”

Nikamjibu bila kusita. Pwagu alikuwa mfupi, mweusi tii, ana kofia ya kiua iliyopauka na koti linalomzidi mikono. Pwaguzi mwembamba, ana pengo la jino la mbele, hakai kitini bila kutikisa mguu. Mjukuu akataka picha. Nikakumbuka kwamba sijawahi kuwaona waigizaji wale hata siku moja, hata gazetini.

Nikampigia dada yangu Sumbawanga, tuliyekuwa tunageuza betri pamoja, nikamwuliza Pwagu alikuwaje.

“Mrefu,” akasema. “Mrefu, na hana kofia.”

“Dada, mfupi yule!”

“Mdogo wangu, wewe ulikuwa mtoto. Alikuwa mrefu mpaka anainama mlangoni.”

Tulibishana mpaka salio lake likaisha. Nikampigia mimi.