Fahamu: Kwa nini bei ya petroli Haydom haifanani na ya Tanga

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta. Tangazo hilo huwa na jedwali refu lenye bei ya kila wilaya, na Mbulu na Hanang zimo.

Tanzania huagiza mafuta yote kutoka nje, kwa pamoja, na kuyalipia kwa dola. Soko la dunia likipanda, au shilingi ikishuka, lita hupanda. Ila meli huchukua muda, hivyo bei ikishuka leo duniani, dereva wa Katesh, wilayani Hanang, huisikia wiki kadhaa baadaye. Hapo ndipo watu huhisi wameibiwa, na wana haki ya kuuliza.

Juu ya gharama hiyo ya kuagiza kuna kodi na tozo. Mwaka 2021 ushuru wa mafuta uliongezwa shilingi 100 kwa lita, kwa ajili ya barabara za vijijini. Juni 2022, vita vya Ukraine vilipopaisha bei, Serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100.

Kisha nauli ya lori. Bei ya mafuta ya Manyara kwa kawaida hukokotolewa kuanzia bandari ya Tanga. Katesh iko kando ya lami ya Babati–Singida; Haydom, wilayani Mbulu, iko mbali zaidi, na petroli ya chupa anayouziwa bodaboda huko huongezewa faida nyingine.

Kituo kinaruhusiwa kuuza chini ya bei kikomo, kamwe si juu yake. Piga *152*00# uone bei ya wilaya yako, kisha dai risiti.