Bamba dogo linalofichua siri ya Kombi ya kale

MNAMO Juni 2011, gari la Volkswagen lililoundwa mwaka wa 1963 liliuzwa kwa dola 217,800 katika mnada wa kampuni ya Barrett-Jackson mjini Costa Mesa, California, nchini Marekani.

Gari lenyewe lilikuwa Kombi, ndugu wa zile zilizowabeba watalii katika mbuga za Kenya kwa miaka mingi. Tofauti kubwa ni kwamba hili lilikuwa na madirisha 23.

Tangu bei za namna hiyo zianze kusikika, imekuwa biashara kwa baadhi ya mafundi wa Ulaya na Amerika kuichukua Kombi ya kawaida, kuikata paa, kuitia madirisha ya ziada na kuiuza kama iliyotoka kiwandani hivyo. Rangi ikishakauka, mnunuzi asiyejua pa kutazama hawezi kuitenga na ile halisi. Pa kutazama papo, lakini si kwenye madirisha.

Kombi ya kwanza iliundwa mjini Wolfsburg, Ujerumani, Machi 8, 1950. Mnamo 1956 kazi hiyo ilihamishiwa kiwanda kipya cha Hannover. Toleo la kwanza, ambalo kioo chake cha mbele kiligawanywa vipande viwili, liliendelea hadi 1967. Likafuatwa na lile la kioo kimoja kipana, ambalo Ujerumani ililiunda hadi 1979, kisha likaja la tatu lenye umbo la sanduku.

Katika matoleo yote hayo, gari la msingi lilikuwa la kawaida mno. Aliyetaka zaidi aliagiza kutoka orodha ndefu ya vifaa vya ziada, na kila kifaa kilikuwa na nambari iliyotanguliwa na herufi M. Hivyo basi, M113 ilikuwa vioo vya mbele vinavyofunguka kwa kusukumwa nje. M119 ilikuwa kipasha joto cha Eberspächer kinachotumia petroli. M220 ilikuwa difu inayozuia gurudumu moja kuzunguka bure matopeni. M560 ilikuwa paa la chuma linalofunguka kwa kuzungushwa mkono, na M520 milango ya kusukuma pande zote mbili za gari.

Ni muhimu kutofautisha mambo matatu ambayo wauzaji hupenda kuyachanganya. Kuna kifaa kilichofungwa kiwandani gari likiundwa. Kuna kilichofungwa na muuzaji wa magari kabla mteja hajakabidhiwa funguo. Kisha kuna kilichoongezwa na wamiliki waliofuata, pengine miaka 40 baadaye. Vyote vitatu vinaweza kuwa vifaa halisi vya kampuni, vyenye nembo yake, na vikafanya kazi sawasawa. Lakini ni cha kwanza tu kinacholifanya gari liwe adimu kwa maana wanayoijali wakusanyaji, na ndicho kinacholipiwa fedha nyingi.

Ushahidi wa kwanza ni bamba dogo la chuma ambalo wapenzi wa magari haya huliita bamba la M. Katika toleo la kwanza, kuanzia mwishoni mwa miaka ya hamsini, lilibandikwa kwenye ukuta ulio nyuma ya viti vya mbele. Katika toleo la pili liko pia nyuma ya kiti cha mbele, isipokuwa magari ya miaka ya mwisho ambapo lilihamishiwa ndani ya dashibodi, karibu na sanduku la fyuzi. Aghalabu limefunikwa na rangi, vumbi au zulia, na wamiliki wengi hawajui kwamba lipo.

Bamba hilo lina mistari michache ya tarakimu zisizo na maelezo yoyote. Humo mna sehemu ya nambari ya chasi, rangi ya gari na ya viti, nambari za vifaa vya ziada, tarehe ya kuundwa, mahali gari lilikopelekwa, na nambari ya muundo. Nambari za vifaa hupigwa bila ile herufi M, hivyo M220 husomeka 220 tu. Baadhi ya misimbo huwa na herufi ndani yake, na hiyo husimamia fungu zima la vifaa. Kwa sababu hiyo, mtu asiharakishe kusema kifaa fulani hakikuwepo kwa kuwa tu hakuiona nambari yake; huenda kimo ndani ya fungu.

Nambari ya muundo ni hazina ambayo wanunuzi wengi huipita. Tarakimu zake mbili za kwanza husema gari lilikuwa la aina gani: 21 ni la mizigo lisilo na madirisha, 23 ni Kombi, 24 ni lile la kifahari na 26 ni pikapu. Ya tatu huonyesha usukani. Gari la 231 ni Kombi ya usukani wa kushoto, na 234 ni Kombi ya usukani wa kulia, kama zilizohitajika Kenya na Uingereza.

Tarakimu hizo mbili za kwanza zilitiwa pia katika nambari ya chasi kuanzia magari ya mwaka wa 1965, zikifuatwa na tarakimu ya mwaka. Kwa mfano, chasi inayoanza kwa 246 ni ya gari la kifahari la mwaka wa 1966. Inayoanza kwa 236 ni ya Kombi ya mwaka uo huo. Hapa yafaa kukumbuka kwamba mwaka wa kiwanda ulianza Agosti, baada ya likizo ya wafanyakazi, kwa hiyo gari lililoundwa Septemba 1965 huhesabiwa kuwa la 1966. Tarakimu moja ya mwaka huweza pia kumkanganya mtu kati ya 1968 na 1978, lakini nambari za 1968 na 1969 zina tarakimu tisa, ilhali za kuanzia 1970 zina kumi.

Ukiwa na maarifa hayo, rudi sasa kwenye lile gari la madirisha mengi, ambalo hujulikana kama Samba. Hesabu yake ni hii: vioo viwili vya mbele, viwili vya milango ya dereva na abiria wake, vinne kila ubavu, vinane vidogo kwenye kingo za paa, kimoja cha nyuma, na viwili vilivyopinda kwenye pembe za nyuma. Jumla 23. Magari ya mwaka wa 1964 yalipokuja na mlango mpana zaidi wa nyuma, vile vioo vya pembeni viliondolewa, na hesabu ikashuka hadi 21.

Kutokana na hayo, Kombi yenye chasi ya 1965 na madirisha 23 haikutoka Hannover ikiwa hivyo, hata muuzaji aape vipi. Na Samba ya madirisha 21 ambayo chasi yake inaanza kwa 236 ilizaliwa Kombi ya kawaida yenye madirisha 11, kisha ikakatwa. Hata gari lenye 24 halijathibitika bado, kwani mteja angeweza kuagiza la kifahari bila vioo vya paa wala paa la turubai. Nambari ya agizo hilo ilikuwa M130. Ikionekana M130 kwenye bamba na vioo vinane kwenye paa, mojawapo linadanganya.

Wajanja wanayajua haya pia. Bamba jipya linaweza kuchongwa na kupigwa tarakimu zozote, na wapo wanaofanya kazi hiyo kwa nia njema kwa wenye magari yaliyopoteza bamba lake. Ndiyo maana bamba peke yake halitoshi. Ni sharti lioanishwe na nambari ya chasi iliyopigwa kwenye bodi ndani ya chumba cha injini, kisha na chuma chenyewe. Nambari ya injini haisaidii sana, kwa sababu injini za Kombi zilibadilishwa kama tairi.

Chuma huzungumza. Paa lililokatwa na kuunganishwa huacha mshono, na mshono uliofichwa kwa bodi fila hujulikana kwa sumaku isiyoshika. Kipasha joto cha M119 huacha tundu la bomba lake la moshi sakafuni, pamoja na mrija wa petroli, hata kama chenyewe kiling'olewa zamani. Paa la chuma la M560 lina mirija ya kutolea maji ya mvua iliyopitishwa ndani ya nguzo za bodi, jambo ambalo anayekata paa gereji aghalabu hulisahau.

Difu ya M220 ina mtihani wake. Inua magurudumu yote mawili ya nyuma, weka gia huru, kisha zungusha gurudumu moja kwa mkono. Katika difu ya kawaida, la pili huelekea upande ulio kinyume. Katika M220, huzunguka upande uleule. Lakini giaboksi ni kitu cha kufunguliwa na kufungwa, hivyo jibu la gurudumu huhitaji kuungwa mkono na bamba.

Kifaa kilichoigwa kupita vyote huenda ni vile vioo vya M113, ambavyo jina lake maarufu ni "vioo vya safari". Vilibuniwa kwa ajili ya nchi za joto, ili dereva afungue kioo cha mbele na kupunga upepo gari likiendelea. Hivi leo vinauzwa vipya vikiwa kamili, na mtu hufungiwa kwa siku moja. Kuviona kwenye gari, kwa hivyo, hakuthibitishi lolote. Kinachothibitisha ni 113 kwenye bamba.

Neno safari laleta suala jingine linalowahusu moja kwa moja wenye Kombi nchini Kenya. Magari mengi yaliyotumiwa kutalii yana paa lililotobolewa au kuinuliwa ili wageni wasimame na kuwatazama wanyama. Hiyo ilikuwa kazi ya mafundi wa bodi, tena kazi ya manufaa, lakini si paa la kiwandani. Linalotafutwa na wakusanyaji ni M560 au lile la turubai la Samba. Hata hivyo, gari la namna hiyo lisidharauliwe kabla bamba lake halijasomwa, kwa sababu lingeweza kuwa na vifaa vingine adimu chini ya viti na sakafu ambavyo hakuna aliyejishughulisha kuvitafuta.

Magari ya kulala safarini yana utata wake. Kampuni ya Westfalia ya Ujerumani ilianza kuyatengenezea Kombi samani mwaka wa 1951, ikishirikiana na kiwanda, na miundo ya aina hiyo ilipewa herufi SO badala ya M. Mashuhuri kati yake ni SO23 ya mwishoni mwa miaka ya hamsini, SO34 na SO35 zilizofuata, kisha SO42 na SO44 za miaka ya mwisho ya toleo la kwanza. Nchini Uingereza, kazi kama hiyo ilifanywa na Devon, Danbury na Dormobile, ambayo paa lake huinukia ubavuni likiwa na turubai la mistari. Hizo za Uingereza zina wapenzi wake na bei nzuri, ila si za kiwandani kwa maana ya orodha ya M. Tahadhari ni kwamba kabati, meza na jiko huhamishika. Samani za SO42 zilizotolewa kwenye gari lililooza zinaweza kupachikwa katika gari la mizigo, na chasi ya 21 ndiyo itakayolifichua.

Brazil nayo ni habari nyingine. Huko Kombi ilianza kuundwa 1957 na haikukoma hadi Desemba 2013. Bodi ya zamani yenye kioo cha vipande viwili iliendelea kutumika hadi 1975, miaka minane baada ya Ujerumani kuiacha. Nyingi zimeuzwa Ulaya na Marekani, na baadhi zimegeuzwa Samba zikiwa njiani. Nambari zake hazisomwi kwa kanuni za Hannover, na gari linalosemekana kuwa Samba ya 1972 halihitaji uchunguzi zaidi ya mwaka wake.

Hata toleo la tatu halijasalimika. Kombi za Syncro, zinazoendeshwa na magurudumu yote manne, ziliunganishwa mjini Graz, Austria, na chache kati yake zilipewa magurudumu ya inchi 16, breki kubwa zaidi na bodi iliyoimarishwa. Kufunga magurudumu ya inchi 16 kwenye Syncro ya kawaida ni rahisi. Kuiga vyuma vya kuimarisha vilivyo chini ya sakafu ni vigumu, na ndiko anakopaswa kulala chali mnunuzi kabla hajatoa pesa.

Hasara haimpati tu anayenunua gari la kughushi. Hutokea pia upande wa pili, pale fundi anapokata bati lenye kutu nyuma ya kiti na kulitupa pamoja na bamba lililokuwa juu yake, au mwenye gari anapoiuza kwa bei ya vyuma chakavu Kombi iliyotoka kiwandani na M520. Kabla ya mshale wa kuchomelea kuwashwa, picha ya bamba na ya nambari ya chasi yafaa ipigwe na kuhifadhiwa mahali pengine kando na gari.

Kwa ambaye bamba lake limekwisha kupotea, njia iliyosalia ni kumbukumbu za kiwanda. Jumba la makumbusho ya magari ya Volkswagen mjini Wolfsburg limekuwa likitoa, kwa malipo, hati inayoonyesha tarehe ambayo gari liliundwa, rangi yake, lilikopelekwa na vifaa lilivyoagiziwa, mradi mwombaji awe na nambari ya chasi. Muuzaji anayedai fedha za Samba huku akikataa nambari hiyo isisomwe na mnunuzi amekwisha kujibu swali lenyewe.