Kwa nini mende hurudi baada ya moshi wa dawa

Siku ya kupiga dawa ya moshi hujulikana mapema kwenye nyumba ya kupanga. Sufuria zinatolewa uani, nguo zinafungwa kwenye viroba, watoto wanapelekwa kwa bibi yao, na mama mwenye chumba anajifunga khanga puani. Kopo linawekwa katikati ya sakafu, linabonyezwa, mlango unafungwa haraka na tambara linazibwa chini yake. Mlango ukifunguliwa saa chache baadaye, mende wamelala chali sakafuni. Wanafagiwa, na jirani anaitwa aje ashuhudie.

Wiki mbili baadaye, usiku, mtu akiwasha taa jikoni, wapo.

Lawama huenda kwa muuza dawa, kwamba kauza feki, au kwa chumba cha jirani ambacho hakikupigwa. Yote mawili yanawezekana. Lakini hata kopo likiwa halali na halijapitwa na muda, njia yenyewe ina udhaifu ambao mnunuzi haelezwi dukani.

Unaoitwa moshi ni matone madogo sana ya dawa yanayosukumwa na gesi mpaka kopo liishe. Yanapanda, yanasambaa, kisha yanashuka taratibu kama vumbi na kutua juu ya kila kilicho wazi: meza, sakafu, kochi, shuka. Mende naye mchana hakai mezani. Yuko nyuma ya friji palipo na joto, kwenye bawaba za kabati, chini ya sinki. Kunguni yuko kwenye mshono wa godoro na kwenye tundu la msumari wa chaga. Matone hayo hayaingii vya kutosha kwenye nyufa. Wengi wa wanaofagiwa ni wale waliokuwa nje au walioshtuka wakatoka.

Bado kuna mayai. Mende mdogo wa kahawia, anayesumbua zaidi majikoni, hubeba kifuko chenye mayai 30 hadi 40 mpaka yanapokaribia kuanguliwa, na kifuko hicho huyakinga. Mayai ya kunguni huanguliwa baada ya wiki moja hivi. Kwa hiyo anayepiga mara moja na kufunga kazi ameacha kizazi kizima kikisubiri.

Tatizo jingine ni wadudu kuizoea dawa. Dawa nyingi za makopo haya zinatokana na pareto, ua jeupe linalolimwa Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania na Bonde la Ufa nchini Kenya, au ni kemikali za viwandani zilizotengenezwa kwa kuiga sumu ya ua hilo ili zidumu zaidi, kwa kuwa pareto ya asili huharibika haraka juani. Zimetumika miaka mingi. Wadudu waliozivumilia wamezaa wenzao, na leo katika nchi nyingi wapo mende na kunguni ambao dozi iliyowaua babu zao haiwadhuru.

Marekani, ambako makopo haya huuzwa hata kwenye maduka ya kawaida, watafiti waliyapima ndani ya nyumba za watu. Mwaka 2019 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina walichapisha matokeo ya kutumia aina nne za makopo katika nyumba 20 zenye mende. Mwezi mmoja baadaye mende hawakuwa wamepungua. Katika nyumba nyingine 10 walizoweka jeli ya chambo, mende walipungua sana. Kwa upande wa kunguni, Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio kilipima makopo ya aina tatu mwaka 2012 na kuona kwamba kunguni waliotoka kwenye nyumba za watu hawakudhurika sana, hasa waliokuwa na mahali pa kujificha.

Katika ule utafiti wa mende, watafiti walifuta pia sakafu na meza kupima mabaki ya dawa. Saa chache baada ya kopo kufunguliwa, dawa kwenye sehemu za bapa ilikuwa imeongezeka kwa wastani wa takriban mara 600. Yaani ilikuwa nyingi mahali mtoto anapotambaa na mama anapokatia mboga, na haba pale mende alipokuwa amelala. Mtoto wa miezi tisa hugusa sakafu kisha hutia mkono mdomoni. Mende hana haja ya kufika huko.

Wanaovuta hewa hiyo hukohoa, hubanwa kifua, huumwa kichwa na kutapika. Mwenye pumu huumia zaidi. Kituo cha Marekani cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa kilihesabu watu 3,222 walioumwa au kuumia kutokana na makopo haya katika majimbo 10 kati ya 2007 na 2015. Sababu zilizojitokeza ni za kawaida kabisa: kuchelewa kutoka baada ya kulifungua, kurudi ndani mapema, kutopitisha hewa, kutumia makopo mengi kuliko inavyotakiwa.

Hilo la mwisho linahitaji hesabu kidogo. Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye kimo cha mita 2.5 hakifiki mita za ujazo 23. Kopo lililotengenezwa kwa ajili ya sebule kubwa ni mzigo mzito kwa chumba hicho, na wapo wanaofungua mawili ili “dawa ikolee”. Tena nyumba nyingi za kupanga hazina dari, kuta zinaishia chini ya bati. Anayefunga mlango wake hajaufunga moshi. Umeshapita juu kwa jirani mwenye kichanga, ambaye hakuambiwa atoke.

Gesi inayosukuma dawa katika makopo mengi pia hushika moto. Jiko la mkaa lenye kaa moja hai, jiko la gesi au cheche ya friji inapojiwasha inaweza kuulipua moshi huo.

Kuna hatari kubwa kuliko kopo. Baadhi ya watu, wakishachoshwa na kunguni, hununua vidonge vya kuhifadhia mahindi na kuviweka chini ya kitanda. Vidonge hivyo vikipata unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, ambayo haina dawa ya kuizimua mwilini na hupenya hadi chumba cha pili. Ni vya ghalani. Havipaswi kuingia ndani ya nyumba wanamolala watu, hata kimoja.

Mtu akizidiwa na dawa yoyote ya wadudu, atolewe nje kwenye hewa, avuliwe nguo zilizolowa dawa, aoshwe ngozi kwa sabuni na maji mengi, apelekwe hospitali pamoja na kopo au pakiti. Maziwa, ambayo wengi hukimbilia, si dawa yake, na kumtapisha kunaweza kumuumiza zaidi.

Kinachowapunguza mende kina makelele machache. Jeli ya chambo, inayouzwa kwenye kibomba kama cha sindano, huwekwa kwa vitone vidogo kwenye bawaba, nyuma ya friji na chini ya sinki, mbali na mikono ya watoto. Mende hula, hurudi maskani na kufa, na wenzake wakila kinyesi au mzoga wake nao hufa. Isipulizwe dawa nyingine juu yake, maana mende ataikwepa. Kwa kunguni, kazi ni ya mikono: chaga zitolewe moja moja, zisuguliwe kwa brashi na kumwagiwa maji yanayochemka, shuka na chandarua zifuliwe kwa maji ya moto, kitanda kisiguse ukuta, na zoezi lirudiwe kila wiki. Kuanika godoro juani peke yake hakutoshi, kwani kunguni huhamia upande wa kivuli.

Anayeamua kutumia dawa ya kupuliza atafute iliyosajiliwa, nchini Tanzania na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na afuate maelezo ya pakiti. Vyumba vyote vikifanya kazi siku moja, mende hawana pa kuhamia, na gharama ikigawanywa huwa ndogo kuliko ya kila mpangaji kununua kopo lake. Mwenye nyumba naye ana sehemu yake: bomba la sinki linalovuja. Mende huvumilia wiki kadhaa bila chakula ilimradi anapata maji, na tone linalodondoka usiku kucha linamtosha.

Wiki mbili baada ya kuweka jeli, ni kuamka usiku na tochi na kumulika nyuma ya friji. Wakionekana wachache kuliko mwanzo, jeli inafanya kazi. Vitone vilivyoliwa vijazwe upya.