Mkopaji au mkopeshaji? Jinsi mtu mzima anavyopata maneno mapya akisoma

Muulize mwenye duara hapa Nyarugusu maana ya mrabaha. Atakujibu papo hapo. Lakini neno hilo hakulitoa nyumbani, ambako wengi tunaongea Kisukuma, wala mgodini, ambako Kiswahili ni cha karasha, mwalo na marudio. Alilikuta kwenye karatasi, alipoanza kuuza katika soko la dhahabu la Geita lililofunguliwa mwaka 2019. Mara ya kwanza akaliruka. Mara ya pili akaliona limekaa jirani na asilimia 6 ya thamani ya mzigo wake. Mara ya tatu akawa anajua: hili ni fungu la Serikali. Hakuna mwalimu aliyemfundisha.

Ndivyo ilivyo kwa watu wazima wengi. Neno hulishiki kwa kuliona mara moja. Unalikuta tena na tena, kwenye jambo linalokugusa, na sentensi inayolizunguka inakupa nusu ya maana. Kanda yetu ya Ziwa inalijua hili tangu mradi wa kisomo chenye manufaa ulioanza mwaka 1968 chini ya Serikali na UNESCO. Mkulima wa pamba alisoma habari za pamba, mvuvi za uvuvi. Kazi alikuwa anaijua tayari. Kilichobaki ni maandishi.

Ila kukisia kuna hatari, na Kiswahili kina mtego wake. Mkopaji ndiye anayedaiwa, mkopeshaji ndiye anayedai. Mpangaji analipa kodi, mpangishaji anapokea. Msomaji mwenye haraka anaona mwanzo wa neno, anamalizia mwenyewe. Sasa chukua aliyekopa fedha za kuendeshea duara, na mkataba unasema: "Mkopeshaji atachukua mifuko 10 ya kwanza." Akisoma "mkopaji", anaweka dole gumba huku anatabasamu. (Siku ya kugawana mawe hatatabasamu.)

Kwa hiyo neno usilokuwa na uhakika nalo, libadilishe kwa maana unayodhani, kisha usome sentensi nzima kwa sauti. Weka jina lako mahali pa "mkopeshaji". Je, wewe ndiye uliyetoa hela? Kama siyo, rudi usome tena neno hilo, silabi kwa silabi, kabla hujaomba wino.