Mali Bila Daftari Huisha Bila Habari

Wazee walisema ya kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Wenye maduka walilishika neno hilo tangu zamani, lakini wakulima na watu wa mishahara wengi hudhani kwamba haliwahusu. Karani hupokea mshahara mwisho wa mwezi, na ifikapo tarehe 15 anatafuta mtu wa kumkopesha. Mkulima wa majani ya chai hupata bonasi mara moja kwa mwaka, na shule zifunguliwapo mwezi wa Januari hana karo. Wote wawili huuliza: fedha zimekwenda wapi? Jibu hawana, maana hawakuandika.

Matumizi makubwa hayafichiki. Mtu anunuapo ng'ombe au mabati hukumbuka bei yake kwa miaka mingi. Zipoteazo ni shilingi ndogo ndogo. Mtu anywaye chai na mandazi hotelini kwa Sh. 40 kila siku ya kazi, kwa siku 26 za mwezi ametumia Sh. 1,040, na kwa mwaka Sh. 12,480. Hatusemi asinywe chai. Twasema aijue gharama yake, kisha aamue mwenyewe.

Kazi yenyewe si ngumu. Nunua daftari dogo, upige mistari, upate nafasi tano: tarehe, sababu, fedha zilizoingia, zilizotoka, na salio. Andika kila jioni kabla ya kulala, kwa maana mambo ya siku tatu hayakumbukwi sawasawa. Kisha hesabu fedha ulizo nazo. Ikiwa jana ulikuwa na Sh. 1,500, leo ukauza maziwa ya Sh. 600 na kutumia Sh. 850, yapasa uwe na Sh. 1,250. Ukikuta Sh. 1,150, andika kwamba Sh. 100 hazikujulikana zilikokwenda. Usizifiche wala usibuni sababu. Baada ya majuma machache utaona upungufu huo unapungua, kwa kuwa mkono umejua kwamba utaulizwa.

Wengine watasema kwamba daftari halina kazi tena tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, kwa kuwa simu huandika kila kitu. Ni kweli ya kuwa ujumbe wa simu hutaja kiasi, tarehe, ada iliyokatwa na salio; basi usiufute kabla hujaunakili, na ada uiandike pia. Lakini simu haijui sababu. Ukitoa Sh. 2,000 kwa wakala, itasema umetoa Sh. 2,000, haitasema zilinunua nini.

Mkulima yampasa kuwa na kurasa mbili, moja ya nyumba na moja ya shamba. Katika ukurasa wa shamba aandike mbolea, dawa, vibarua na mauzo, hata maziwa yaliyonywewa na watoto wake, kwa bei ya sokoni. Asipofanya hivyo hatajua kama ng'ombe anamlisha yeye, au yeye ndiye anayemlisha ng'ombe.

Mwisho wa mwezi, jumlisha matumizi kwa mafungu: chakula, karo, nauli, madeni, michango ya harusi na matanga. Bwana na Bibi na waketi pamoja kulisoma daftari. Katika nyumba nyingi, fedha zikipotea kila mmoja humshuku mwenzake, na ugomvi huzaliwa kwa jambo ambalo ukurasa mmoja ungalilieleza. Kisha wachague fungu moja tu la kupunguza mwezi ujao, na kiasi kitakachobaki kiwekwe akiba siku ile ile fedha ziingiapo, kabla ya kutumia chochote.

Daftari haliongezi mshahara wala halileti mvua. Lakini mwenye kuliandika kwa miezi mitatu ataweza kusema, kabla shule hazijafunguliwa, kama karo ipo au haipo, na ikiwa haipo, atakuwa na wakati wa kuitafuta.